Daftari la Mfukoni na Daftari la Mezani: Jinsi Wazo la Katuni Linavyokua

Wanaoanza kuchora katuni huuliza mawazo hupatikana wapi. Nairobi hakuna uhaba wa mawazo. Simama dakika kumi mbele ya Archives, jengo la kumbukumbu za taifa katikati ya jiji, na utaona yakikupita mbio: mhubiri na spika yake, kijana aliyebeba magodoro mawili kichwani, mtu anayemsubiri mpenzi asiyefika. Kazi ni kulikamata wazo kabla halijapita, kisha kulilea mpaka liwe kurasa ambazo mtu mwingine anaweza kuzisoma bila wewe kusimama kando ukimweleza.

Chombo cha kazi hiyo ni daftari, ila wengi hulifanya albamu. Wanachora picha moja safi, wanaipiga picha, wanaiweka mtandaoni, halafu wanaogopa kufungua ukurasa unaofuata wasije wakauharibu. Mwongozo huu unahusu daftari chafu, lenye mistari iliyokatwa na maandishi ya haraka. Zaidi unahusu kurudi kwenye kurasa za zamani, kwa sababu kwa maoni yangu huko ndiko hadithi inakotoka, si barabarani.

Nitatumia mfano mmoja wa katuni ya kurasa 8 kuanzia skechi ya kwanza.

1. Nunua madaftari mawili ya bei nafuu

La kwanza ni la mfukoni, saizi ya A6 (milimita 105 kwa 148) au dogo kuliko hapo. Lazima liingie mfukoni bila kujikunja, na ulitoe kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika chuma cha gari. La pili ni la mezani: kauntabuku la A4 lenye jalada gumu, lile la kurasa 192 linalouzwa katika kila duka la vifaa vya shule. Mistari yake isikusumbue. Inasaidia kupanga maandishi, na inakukumbusha kwamba hapa si mahali pa kuchora picha ya kutundika ukutani. Daftari ghali la karatasi nzito linakutia woga, na mchoraji mwenye woga hachori vitu vya kipuuzi, ilhali vitu vya kipuuzi ndivyo tunavyovitafuta. Ukitaka karatasi zisizo na mistari, ulizia kwenye maduka ya uchapaji ya River Road kama wana mabaki ya kukatwa, kisha uyabane mwenyewe kwa pini.

Kalamu ya njiani iwe biro. Wino wake ni wa mafuta, hautiririki ukilowa, na mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hazikuulizi kama umefunika daftari. Baadhi ya kalamu za jeli huacha madoa. Ufutio uache nyumbani.

Kila ukurasa uandike namba, tarehe na mahali. Ni sekunde tano tu, na hatua ya nne haifanyiki bila namba hizo. Ndani ya jalada andika namba ya simu, kwa sababu siku moja daftari litabaki kwenye kiti cha matatu.

2. Chora mwili kwanza, uso baadaye

Matatu ni darasa zuri, ingawa gumu. Gari likitembea mkono unacheza, kwa hiyo chora kwenye jamu, au stejini wakati gari linangoja kujaa. Ukikaa nyuma utaona visogo tu. Usilalamike, kisogo kinasema mengi. Aliyelala kichwa chake kinateremka kidogokidogo kuelekea bega la jirani, na jirani naye anajikunja kama hataki kuhusishwa. Anayebishana juu ya nauli shingo yake inanyooka. Ukiweza kuonyesha hasira kwa kisogo, uso hautakushinda.

Jipe nusu dakika kwa kila mtu. Anza na mstari wa mgongo, kisha mabega, kisha jiulize uzito umelalia mguu gani. Akiondoka kabla hujamaliza, mwache hivyo hivyo na uanze mwingine. Ukurasa wenye watu kumi nusunusu una faida kuliko wenye mtu mmoja aliyekamilika, maana katuni inajengwa kwa mikao, na mkao unaupata haraka au huupati kabisa.

Vitu vya kazi vinahitaji jicho la karibu zaidi. Chukua mkokoteni. Mvutaji akipandisha kutoka soko la Gikomba, mwili wake wote unalala mbele na vidole vya miguu ndivyo vinavyosukuma lami. Akiteremka mambo yanageuka: ananing'inia nyuma kwenye mpini, na mikokoteni mingi ina kipande cha tairi kilichofungwa nyuma ambacho huburuta chini na kuwa breki. Mchoraji anayebuni mkokoteni akiwa nyumbani hatakiweka kipande hicho, na msomaji wa soko la Muthurwa atajua mara moja kwamba hujawahi kuuangalia.

Angalia na mwanga. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, digrii moja na kitu kusini, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa juu ya utosi na kuficha macho ya watu kwenye kivuli cha paji la uso. Vivuli virefu utavipata asubuhi na mwendo wa saa kumi na moja jioni, halafu kuanzia saa kumi na mbili na nusu giza linaingia bila kubisha hodi. Andika saa kando ya skechi. Utakapotaka fremu (kisanduku kimoja cha picha) ya majonzi au ya hatari, utajua mwanga wake uutoe ukurasa gani.

Kuhusu watu wenyewe: ukikaa karibu na wachuuzi na kalamu mkononi utadhaniwa ni kanjo, askari wa jiji. Mama mboga atakuuliza, "Wewe, unaniandika nini?" Usifunge daftari haraka, hapo ndipo unapoonekana mwizi. Mgeuzie aone. "Si wewe mama, nachora tu hii meza na miavuli. Ona." Mara nyingi atacheka, atamwita mwenzake, na utapewa hadithi ambayo hukuiomba. Akikataa, toka hapo kwa heshima. Karibu na Ikulu, kambi za jeshi na vituo vya polisi, daftari libaki mfukoni.

3. Andika maneno unayoyasikia

Hapa ndipo madaftari ya wachoraji wengi yako tupu. Wana michoro hamsini ya mikono na hawana sentensi hata moja. Matokeo yake wahusika wao wote wanaongea kama mwalimu wa zamu.

Andika jinsi ilivyosemwa, bila kusahihisha sarufi. Kwa mfano: makanga anaita "Wawili wa haraka, gari inatoka!" na ndani yuko dereva peke yake. Au: mwanamke kwenye simu, gari bado liko Githurai, mbali na mzunguko wa Globe, anasema kwa sauti tulivu kabisa, "Niko hapa Globe, dakika mbili nimefika." Hakuna abiria aliyegeuka. Hilo la kutogeuka pia liandike, kwa sababu katuni inaishi kwa anayetenda na kwa wanaotazama.

Uamuzi wa lugha ya vitabu au Sheng, lugha ya mtaani, usiufanye barabarani. Zote mbili zina wasomaji: michoro ya Taifa Leo imekuwa ikisomwa kwa Kiswahili cha gazeti miaka nenda miaka rudi, na jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, lilijenga jina lake kwa Sheng. Kwa sasa nasa tu. Tarehe itakufaa baadaye, maana Sheng huzeeka upesi.

4. Rudi nyuma, uunganishe kurasa mbili zisizojuana

Chagua jioni moja kila wiki. Jumapili ni nzuri, nyumba ikiwa imetulia. Fungua daftari la mfukoni usome tangu mwanzo, si kurasa za wiki hiyo peke yake. Shika kalamu nyekundu. Pale unapocheka, zungusha duara. Pale unapojiuliza "kwa nini?", weka alama ya kuuliza. Usihukumu uchoraji.

Sasa chukua alama mbili ambazo hazina uhusiano na uandike namba zake kwenye kauntabuku, kurasa mbili kando kwa kando. Kanuni yangu ni hii: moja iwe kitu kinachoonekana, nyingine iwe tabia ya watu. Vitu viwili vinavyoonekana vinakupa bango zuri lisilo na hadithi. Tabia mbili zinakupa mazungumzo, na mazungumzo matupu ni ya redio. Kitu kikikutana na tabia, kimoja kinamsumbua mwenzake.

Katika mfano wetu, ukurasa wa 31 una mkokoteni uliobeba meza ya kujipambia yenye kioo kikubwa, kimefungwa kwa kamba, kinatazama nyuma. Ukurasa wa 12 una yule mwanamke wa "Niko hapa Globe". Weka pamoja, uliza: je, mtu anayedanganya kwenye simu akijiona kwenye kioo hicho, itakuwaje?

Jibu la kwanza huwa la kivivu. Kioo kinamwaibisha, anatubu, mwisho. Liandike ulikate. La pili: aliyepigiwa simu anamwona mdanganyifu alipo kweli. Linaenda, lakini bado ni mahubiri. La tatu: anayedanganya akijiona kwenye kioo, papo hapo anajikuta pale aliposema yupo. Amesema yuko Globe, basi yuko Globe, simu bado sikioni. Hapo kuna kitu. Uongo umekuwa nauli, na mkokoteni umekuwa usafiri wa haraka kuliko wote mjini. Nakushauri usisimame kabla ya jibu la tatu, hata kama la kwanza linakupendeza. Likikupendeza mno, ongeza la nne.

5. Lihoji wazo kwenye kauntabuku

Andika swali juu ya ukurasa, jibu chini yake, huku ukichora vikaragosi pembeni. Maswali yenye kazi ni machache. Mhusika anataka nini leo, si maishani? Mvutaji anataka kufikisha meza Ngara kabla ya giza, alipwe. Nani anafaidika? Waliochelewa kazini, wanaopanga foleni nyuma ya mkokoteni wakijifunza kudanganya vizuri. Nani anaumia? Makanga, ambao magari yao yameanza kutoka matupu. Nani atakuja kuuliza kibali? Hilo halihitaji jibu.

Kisha kuna swali linaloua katuni nyingi za ajabu ajabu: sheria ya ajabu hiyo ni ipi, na kwa nini mwenyewe haitumii? Kama kioo kinasafirisha watu, mvutaji anavuta jua kali lote hilo ili iweje? Ukikwama hivi, usifikiri zaidi, rudi kwenye skechi. Kwenye ukurasa wa 31 kioo kinatazama nyuma. Mvutaji yuko mbele. Hajawahi kujiona. Jibu lilikuwa limechorwa kabla swali halijaulizwa, na hiyo ndiyo sababu nasisitiza uchore vitu vilivyo badala ya kuvibuni.

6. Mpe mhusika ukurasa wake

Mchore kwa ukubwa mmoja akiwa amesimama, amechoka, amekasirika, anacheka, anaonekana kwa nyuma. Jaza umbo lake lote kwa wino mweusi: kivuli chake kikifanana na cha mhusika mwingine, badilisha kofia, tumbo au urefu wa shingo. Usimchukue mtu halisi mzima mzima. Mwendo utoe kwa mmoja, pua kwa mwingine, fulana ya timu kwa wa tatu, ili asitokee mtu Muthurwa akisema umemchora bila ruhusa.

7. Kurasa za marejeo: mwaka wa hadithi una meno

Tenga kurasa za nyuma za kauntabuku kwa vitu vitakavyojirudia: upande wa matatu, kona za barabara, vibanda, nguo. Kabla ya kuchora chochote, andika mwaka wa hadithi kwa herufi kubwa, kwa sababu jiji hili linabadilika na wasomaji wana kumbukumbu kali.

Hadithi ikiwa ya mwaka 1998, matatu yako isiwe na ule mstari wa manjano ubavuni. Uliletwa na sheria za matatu za waziri Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Ikiwa ya mwaka 2005, mhusika hawezi kutumiwa pesa kwa M-Pesa, kwani ilizinduliwa mwaka 2007. Atume bahasha kwa dereva, na kumbe bahasha ni hadithi nzuri zaidi, inaweza kupotea. Ikiwa ya mwaka 2015, futa ile barabara ya juu kando ya Uhuru Highway. Expressway ilifunguliwa mwaka 2022. Pesa pia: noti mpya zilitoka mwaka 2019, na zile za elfu moja za zamani zikaacha kutumika mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo. Sarafu za wanyama zilitangulia, Desemba 2018. Jumba la mikutano la KICC liko salama kwa hadithi yoyote kuanzia 1973, na jengo la Archives ni la mwanzoni mwa karne ya 20, lilikuwa benki.

Picha za simu zinasaidia hapa, ila zichore upya kwa mkono kabla ya kuzitumia. Ukinakili picha moja kwa moja kwenye fremu, jengo linakuwa gumu na watu wanakuwa laini, na fremu inaonekana imeungwa. Kwa mambo ya kale, Maktaba ya McMillan kule Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina magazeti ya zamani. Nenda na daftari la mfukoni, uchore viatu na matangazo ya biashara. Habari zenyewe zitakupotezea muda, japo kwa raha.

8. Panga kurasa zikiwa ndogo kama kiberiti

Chora visanduku 8 kwenye ukurasa mmoja wa kauntabuku, kila kimoja ni ukurasa wa katuni. Ndani yake gawanya fremu, watu wawe vijiti. Maneno yaandike kwanza, picha zifuate, la sivyo utakuta kiputo, kile kiduara cha maneno ya mhusika, kimekosa mahali pa kukaa. Kiswahili kina vitenzi virefu: "hawatakusubiri" ni neno moja lenye herufi kumi na nne, na ukilikata katikati kwenye kiputo chembamba msomaji anajikwaa. Fupisha sentensi, usipunguze herufi. Anayesema kwanza akae kushoto.

Fanya matoleo matatu tofauti ya visanduku hivyo 8. La kwanza litafanana na kila katuni uliyowahi kusoma. Katika la pili, jinyime fremu za ukubwa sawa. La tatu huwa na uhuru, kwa sababu umeshachoka kuwa makini.

Fikiria ufunguaji wa karatasi. Kijitabu cha kurasa 8 za A5 kinatokana na karatasi mbili za A4 zilizochapwa pande zote na kukunjwa. Ukurasa wa kwanza uko kulia, wa 2 na wa 3 vinatazamana, na kadhalika. Kwa hiyo msomaji hufungua baada ya wa 1, wa 3, wa 5 na wa 7. Jambo la kushtua usiliweke ukurasa wa 3, ataliona kabla hujamwandaa. Mwanamke wetu aseme "Niko hapa Globe" kwenye fremu ya mwisho ya ukurasa wa 3, kioo kikipita mbele yake. Msomaji akifungua, ukurasa wa 4 wote ni Globe, yeye yuko katikati ya magari, simu sikioni, mdomo wazi.

Kama itasomwa kwenye simu, hesabu hiyo haina kazi. Hapo fremu zinashuka moja baada ya nyingine na kidole ndicho kinachofungua, kwa hiyo acha nafasi tupu ndefu kabla ya mshtuko. WhatsApp hubana picha na kufifisha maandishi. Tuma kama dokumenti.

Amua na ukubwa wa kuchorea sasa. Ukichora A4 ili ichapwe A5, mashine ya kopi inapunguza hadi asilimia 71. Kutoka A3 hadi A5 ni asilimia 50, na herufi ya milimita 5 inabaki 2.5. Piga kopi ya ukurasa mmoja kwanza uone kama shangazi yako anaweza kuusoma bila miwani.

9. Mpe mtu asome visanduku

Kabla ya wino, mpe mtu asiyechora. Usieleze chochote. Tazama macho yake: yakirudi nyuma, fremu hiyo ina kasoro. Usimuulize kama amependa, atasema ndiyo kwa adabu. Muulize, "Kumetokea nini?" Akikusimulia hadithi tofauti na yako, yake ikiwa bora, ichukue. Weka alama nyekundu kwenye visanduku na uchore upya vile tu vilivyokwama.

10. Hifadhi

Piga picha kurasa zote za madaftari mwisho wa kila mwezi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi iliyochorwa au kuandikwa, hailindi wazo lililo kichwani. Kwa hiyo mzozo ukitokea, kurasa zenye tarehe zina uzito kuliko maelezo yako ya mdomo. Katuni iliyokamilika unaweza kuisajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Daftari likijaa, andika kwenye jalada tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kisha pitia duara nyekundu ambazo hazijapata mwenzake, unakili namba za kurasa zake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, pamoja na maneno mawili matatu ya kukukumbusha: "uk. 8, kisogo kinachosinzia", "uk. 44, magodoro mawili, mvua".